Msemaji Hasogei

Jumapili, 7 Machi 1965

Daftari hili nimepewa Busia, upande wa Kenya, na mama mmoja muuza dagaa niliyembebea magunia. Alisema, "Mpelekee mwanao aandikie shuleni." Mwanangu! Nina miaka kumi na saba, na ndevu zangu zinaonekana vizuri tu ukisimama karibu. Nikalipokea na kumjibu kwamba mwanangu atashukuru sana.

Mimi ni Osborn Edeku. Shule niliacha darasa la sita. Wenye wivu husema shule ndiyo iliniacha mimi. Naandika Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, hapa chini ya vilima vya Osukuru hakuna kijana anayekisema kama mimi, wengine wote wanakivunja kama kuni. Pili, Kiateso mama yangu anakisoma.

Leo hakuna kitu. Mvua ya kwanza imenyesha kidogo, kama mtu anayejaribu kalamu.

Jumanne, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Emong ni mdogo wangu, ana miaka kumi. Asubuhi alipeleka mbuzi kule kwenye machimbo ya zamani, ambako Mzungu tuliyemwita Bwana Kofia alikuwa akipasua mawe ya barabara mpaka akaondoka mwaka wa Uhuru. Majengo yake matatu yapo matupu tangu hapo: ofisi ya matofali, ghala, na nyumba ndefu ya udongo walimolala vibarua. Kanisa limepewa yote, yawe shule.

Mimi nilikuwa shambani napalilia wimbi, namtania mama kwamba jembe lake lina usingizi. Tukasikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ni kama mtu amevunja tawi kavu karibu na sikio lako. Mama akauliza, "Nani huyo anawinda mchana?" Nikasema, "Bwana Kofia amerudi kuchukua kofia yake." Tulicheka wote wawili.

Emong alikuja mwenyewe kwa miguu. Hakuwa analia. Alikuwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, jinsi unavyoshika kifaranga asiruke. Akasema, "Mama, nimemwaga." Nilidhani amemwaga maziwa. Mama akaufungua ule mkono. Kidole gumba hakipo. Kinachofuata hakipo. Cha tatu kilikuwepo, lakini hakikuwa mahali pake.

Nilimbeba mpaka barabarani nikiwa nimemwelekeza uso upande wangu ili asiutazame ule mkono. Njia nzima alikuwa ananiuliza kama mbuzi wamefika.

Hospitalini wametuambia kilichomlipua ni fataki. Ni kibomba chembamba cha shaba, urefu wa kidole, ambacho wapasua mawe hukitumia kuiamsha baruti. Emong alikiokota mlangoni pa ofisi, kimechafuka, kimeota kijani. Akakichokonoa kwa msumari aone ndani kuna nini.

Kitu kidogo vile. Mimi huchezea vitu vikubwa kuliko kile kila siku.

Alhamisi, 11 Machi

Emong ameuliza kama vidole huota tena. Nimemwambia mbuzi wote wamefika.

Jumatatu, 22 Machi

Wakubwa wa Tororo wamemleta mtu wa kusafisha yale majengo. Nilitegemea jitu. Aliyeshuka kwenye baiskeli ni mzee mfupi, Msamia wa upande wa Busia, suruali imepigwa pasi mpaka inakata upepo, na usoni, jamani, miwani mizito kama vitako vya chupa! Mtu wa kutafuta mabomu, na bila miwani hamwoni ng'ombe. Jina lake Jared Egesa. Wanasema alikuwa jeshini, alitegua mabomu Abisinia wakati wa vita na Waitaliano.

Alisimama kanisani akasema anataka kijana mmoja mwenye macho. Nikasimama kabla hajafunga mdomo.

"Mzee, mimi naona mwewe akiwa bado juu ya mwamba wa Tororo."

"Wa rangi gani?"

"Kahawia."

"Mwewe wote ni kahawia. Hebu geuka, nipe mgongo. Shati langu lina vifungo vingapi?"

Watu wakaanza kucheka. Nikasema sita.

"Geuka sasa, hesabu."

Vilikuwa vitano. Hapo katikati palikuwa na uzi mtupu na tundu la kifungo linapiga miayo.

"Umenitazama kifua muda wote huu," akasema, "ukaona vifungo kwa sababu ulijua shati lina vifungo. Macho unayo, kijana. Kuangalia bado hujui. Njoo kesho."

"Kwa nini basi unanichukua, mzee?"

"Kwa sababu unaongea sana."

Nilidhani ni tusi.

Jumatano, 24 Machi

Siku mbili tumefanya kazi, na ndani ya jengo hatujaingia! Tumesimama mlangoni pa ofisi kama wadai.

"Sema," ananiambia.

"Niseme nini, mzee?"

"Unachokiona. Chote, kwa sauti. Usichokisema hujakiona."

Nikaanza. Naona sakafu. Naona meza. Naona panya amekufa, maskini. Akanikatiza: "Anza chini. Sakafu yote mpaka ukutani. Kisha mpaka kiunoni. Kisha mpaka kichwani. Kisha dari. Usirukeruke kama panzi." Nikasema tena, nikasogea kidogo nione nyuma ya meza. Akanishika kola.

"Msemaji hasogei. Ukitaka kusogea, nyamaza kwanza, tazama unapokanyaga, sogea, simama, ndipo useme tena. Mtu anayetembea huku anasema, mguu wake hausikii mdomo wake."

Na mikono lazima iwe mfukoni. Suruali yangu haina mfuko mmoja. Ameniambia nishone.

Ana vifaa vyake, navyo ni vya kuchekesha: kioo cha pikipiki kimefungwa kwenye fimbo, mpira wa kamba nyeupe, chaki, na tochi. Nilidhani tochi ni ya kumulika mbele kama watu wengine. Yeye huilaza sakafuni. Mwanga ukatambaa chini kwa chini, na vumbi lote likainuka. Kokoto ndogo kama punje ya wimbi ikawa na kivuli kirefu kama mtu wa jioni. Nyayo za panya nikaziona moja moja. Sakafu ambayo nilikuwa nimesema ni tupu!

Tukisema kitambo, ananifukuza nikatazame vilima. Eti macho yakichoka yanaanza kusema uongo ili yapumzike. Mzee huyu ana maneno.

Ijumaa, 2 Aprili

Leo nilikuwa nife.

Tulishaigawa sakafu ya ofisi kwa kamba, vijia vyembamba kama matuta ya viazi, na tulikuwa tunakwenda kijia kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nasema, yeye nyuma yangu. Chini ya rafu niliona gazeti kuukuu, nikasema, "Naona gazeti," nikainua mguu.

Mkono ukanishika kola. Sikusikia hata pumzi yake. Mguu wangu ulibaki hewani kama wa korongo.

"Gazeti lina nini?"

"Picha ya... mtu na ng'ombe."

"Juu ya picha."

Akaisogeza tochi chini zaidi. Ile karatasi ikang'aa. Ilikuwa imelowa, na mvua haijaingia mle, wala paa halivuji. Akainyoosha fimbo ya kioo pole pole chini ya rafu, nami nikatazama kwenye kioo. Vijiti vya baruti, vimelala pamoja kama watoto kitandani, vimevimba, vinatoa jasho. Lile jasho ndilo lilikuwa linadondoka kwenye gazeti.

"Jasho hilo likikanyagwa tu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "watatuokota kwenye miti."

Tulirudi kinyumenyume katika nyayo zetu wenyewe. Nje nilikaa chini. Yeye akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila siku na nilishawaigizia vijana wenzangu wakaanguka kwa kicheko. Leo niliiona ile mikono yake. Miwani haikuwa na vumbi lolote.

Jumatatu, 5 Aprili

Walikuja watu wake kutoka Tororo na gari la mchanga, wakaitoa ile baruti wakailipue shimoni. Tulilala kifudifudi ng'ambo ya kilima. Kishindo kilitikisa meno. Emong nyumbani amejificha chini ya kitanda, mpaka usiku hatoki.

Jumamosi, 10 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua. Ghala linavuja, tochi imeingia maji. Hatukufanya kitu.

Loy, dada yetu mdogo wa miaka minane, amenisikia nikijizoeza nyumbani na sasa hatuna amani. Anasimama mlangoni pa jiko mikono kwenye gauni na kupiga kelele: "Naona sufuria! Naona mama! Naona Osborn anakula nyama ya Emong!" Nikimfukuza ananiambia, "Simama! Msemaji hasogei!" Na nikisahau nikasogea, nimeshindwa, lazima nimbebe mgongoni mpaka kisimani. Nimeshambeba mara nyingi mno. Anafurahi hata Emong anacheka.

Pasaka, 18 Aprili

Kanisani Mchungaji ametangaza: muhula wa pili ukifunguliwa, shule ianze katika majengo ya machimbo. Loy ameandikishwa darasa la kwanza. Amerukaruka mpaka kitambaa cha kichwa cha mama kikaanguka.

Bwana Egesa akasimama: "Ofisi tumemaliza. Ghala tunamaliza. Nyumba ndefu bado. Hata mlangoni sijasimama. Nimefunga kamba nyeupe. Mtu asiingie kuchukua kitu."

Baadaye, nje, Mama Peninah alimjia. Huyu ndiye mkubwa wa akina mama wa kanisa, sauti yake inafika Malaba kabla yake.

"Bwana Egesa, hii nyumba ndefu watoto nakaa ndani yake namna gani? Ukuta inapasuka, sakafu ni vumbi tupu. Lazima sisi tupake mavi ya ng'ombe kabla Mchungaji kuombea. Nyumba bila kupakwa ni ya wafu."

"Mtapaka, mama. Nikishamaliza."

"Na utamaliza lini? Wewe nasimama mlangoni tu unaimba!"

Akina mama wakaangua kicheko. Mimi pia kidogo. Bwana Egesa akajibu tu, "Nikishamaliza, mama."

Njiani aliniuliza kama huwa wanapaka sana. Nikamwambia kwetu mwanamke asiyepaka nyumba ya mgeni kabla mgeni hajaingia, watasema habari zake mpaka Sop Sop.

Jumanne, 27 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 3 Mei

Ghala limekwisha. Tumepata kijiti kimoja na nyaya kuukuu. Nilikiona mimi! Bwana Egesa akasema, "Vizuri." Neno moja. Nimelitembeza kijiji kizima.

Jumatatu, 10 Mei

Mvua usiku na mchana. Nyumba ndefu haina madirisha ya maana, ndani ni giza, na tochi imekufa kabisa. Akina mama wamekusanya mavi ya ng'ombe yamefunikwa kwa majani ya migomba, yananuka, yanangoja siku kavu moja.

Alhamisi, 13 Mei

Kesho tunakwenda Tororo kuchukua tochi mpya na sanduku la mchanga. Tutarudi kesho hiyo hiyo. Bwana Egesa ameikagua kamba ya mlangoni, amefunga fundo jingine.

Jumapili, 16 Mei

Jana sikuandika. Naandika leo, kwa sababu nisipoandika nitaendelea kukiona tu.

Ijumaa ile mvua ilikata barabara, tukalala Tororo. Jumamosi jua lilitoka, la kwanza kwa wiki nzima, jua zuri kabisa. Tulisukuma baiskeli kwenye matope, sanduku la mchanga limefungwa nyuma, na tukafika karibu na machimbo jua likiwa linainama. Gari moja lilitupita likamrushia Bwana Egesa matope usoni. Akawa anafuta miwani kwa shati, na shati nalo lina matope.

Nikasikia nyundo. Ko. Ko.

Tulipokata kona niliwaona akina mama wote nje ya nyumba ndefu, mikono ya kijani mpaka viwiko, wanaimba. Mama yangu yupo. Ukuta wote wa mbele umepakwa, laini kama ngozi ya mtoto. Rasto seremala alikuwa mlangoni anapigilia fremu mpya.

Mama Peninah akatujia anacheka, mkononi ana kamba nyeupe imekunjwa vizuri.

"Kamba yako hii hapa, bwana. Hatukuikata, tulifungua polepole."

Bwana Egesa alikuwa na miwani mkononi. "Mama. Nilisema asiingie mtu."

"Ulisema asiingie mtu kuchukua kitu! Sisi tumechukua nini? Sisi tumeleta!"

Wakacheka. Sikujua nifanye nini, basi nikafanya nilichozoea. Mikono mfukoni. Nikasimama nilipokuwa, nikaanza chini.

"Naona nyasi zimekanyagwa," nikasema. "Naona ndoo. Naona miguu ya Rasto. Naona ukuta umepakwa. Naona urembo kuzunguka mlango..."

Kwetu wasichana hupamba ukuta ukiwa mbichi. Wanabandika vizibo vya soda, vigae, makombe ya konokono. Huu ulikuwa urembo mzuri kuliko wote niliowahi kuona: vidoadoa vya mviringo, vimepangwa kwa nafasi sawa, vimepanda upande huu wa mlango, vimepita juu, vimeshuka upande wa pili. Jua lilikuwa chini kabisa, linapita ukutani ubavuni kama ile tochi sakafuni, na kila kidoa kilikuwa na kivuli chake. Vilikuwa vinang'aa. Ni shaba.

"Endelea," akasema Bwana Egesa, bado anafuta. "Urembo gani?"

"Fataki," nikasema. "Mzee, ni fataki. Ukuta mzima. Zimesukumwa ndani, zimebaki midomo."

Ko.

"Rasto! Acha!" nikapiga kelele. "Rasto, acha nyundo!"

Rasto akageuka, misumari mdomoni. "Osborn, wewe mizaha yako peleka Busia. Mimi nataka maliza." Akainua nyundo.

Bwana Egesa hakukimbia. Hilo sitalisahau. Alitembea, hatua za kawaida, kama mtu anayekwenda kumsalimia rafiki, miwani ikiwa bado mkononi, anaona vivuli tu, anafuata mlio. Akanyoosha mkono akaishika ile nyundo ikiwa juu, akaitoa katika mkono wa Rasto jinsi unavyomtolea mtoto kisu.

"Asante, fundi," akasema. "Sasa njoo tutembee wote. Polepole. Usiguse fremu."

Ndipo akina mama wakaelewa. Mwanamke mmoja akapiga yowe, wakatawanyika wote mtelemkoni, ndoo zikabingirika. Mama yangu hakukimbia. Alikuwa ameutazama mkono wake uliojaa mavi ya ng'ombe. Mkono huo ulikuwa umelainisha ukuta ule, umepita juu ya kila fataki, umezikandamiza zikae vizuri.

"Nani amepamba?" akauliza Bwana Egesa.

Mama alijibu kwa sauti ndogo. Walipofika juu, pale ukuta unapokutana na paa, walimpandisha Loy mabegani kwa kuwa ni mwepesi. Huko juu ya ukuta Loy alikuta kopo la sigara. Ndani palikuwa na unga wa mbao na vibomba vipya, visafi. Cha Emong kilikuwa kichafu cha kijani, tena kililipuka, hakuna aliyewahi kukiona. Wote walimsifu Loy. Mama Peninah alisema mtoto huyu ana mkono wa urembo.

Bwana Egesa sasa alikuwa amevaa miwani. "Osborn. Tazama tena. Kumbuka shati langu."

Nikatazama. Zilipanda, zikapita juu, zikaanza kushuka. Upande wa kulia, juu ya bawaba, palikuwa na nafasi. Tundu tupu, duara safi, na udongo wake bado mbichi. Mtu aliibandika, kisha akaichomoa.

"Moja haipo," nikasema.

"Loy yuko wapi?" akasema mama.

Loy alikuwa anakimbia. Alikuwa amesikia "nani amepamba", na kwetu swali kama hilo humalizikia kwenye fimbo. Alikuwa amefika nusu ya njia ya shamba la wimbi, anaruka mifereji, na kifuani mwake kitu kilikuwa kinarukaruka chini ya gauni, kimefungwa kwa uzi wa katani shingoni.

Bwana Egesa akasema taratibu, "Asianguke. Akiangukia kifua..." Hakumaliza. "Mimi ananiogopa. Nikimfuata atakimbia zaidi."

Ningemwita "simama", angekimbia. Ningemfuata, angekimbia. Nilikuwa nimeshamfukuza mara nyingi kwa mizaha, anazijua mbio zangu. Nikaweka mikono mfukoni nikapaza sauti, sauti ile ya jikoni, ya mchezo:

"Naona wimbi! Naona mfereji! Naona msichana mwizi wa nyama!"

Akapunguza mbio.

"Naona... naona msichana hawezi kusema anachokiona, kwa sababu ni mjinga!"

Akasimama. Akageuka. Uso umejaa machozi, lakini hasira ilimshinda. "Mimi si mjinga! Naona Osborn! Naona mama! Naona mzee wa macho ya chupa!"

"Msemaji hasogei!"

"Sisogei! Wewe ndiye unasogea!"

"Nanyamaza, halafu nasogea. Ndiyo sheria."

Nikanyamaza. Nikatazama ninapokanyaga. Nikasogea. Nikasimama. "Naona nini shingoni mwako, Loy?"

"Ni yangu. Mama Peninah alisema nina mkono."

"Ni nzuri sana."

"Tena inalia," akasema. Akaichomoa kwenye gauni, akaweka ule mdomo wake wazi kwenye midomo, akapuliza. *Fyuuu.* Kama filimbi ya polisi mdogo.

Nyuma yangu nilisikia mama akishuka mpaka chini, magoti kwenye matope. Hakulia. Nilisikia magoti tu.

"Usipulize tena," nikasema. "Nimeshindwa. Umenishinda. Nitakubeba mpaka kisimani. Lakini kwanza mikono kwenye gauni, na useme. Sema vyote, chini mpaka juu."

Akasema. Naona miguu yako. Naona suruali yako ina mfuko mmoja umeshonwa vibaya. Mimi nikanyamaza, nikasogea, nikasimama. Aliposema "naona kidevu chako hakina ndevu", nilikuwa mbele yake. Nikaushika ule uzi pande zote mbili za shingo. Kichwa chake kimenyolewa, nashukuru. Uzi ulipita kidevuni, ukapita puani, ukakwama sikioni. Ile shaba ilikuwa inaning'inia mbele ya macho yake mawili, na yeye anaitazama inavyozunguka, macho yamekengeza, anasema, "Naona jua ndani yake."

Nikaliinamisha sikio kwa kidole. Uzi ukatoka.

Bwana Egesa alikuwa ameshaweka sanduku la mchanga njiani, amerudi nyuma. Nilitembea nao mkono umenyooka. Sikusema neno hata moja. Nikalaza kile kitu mchangani kama yai, nikaachia uzi.

Zile za ukutani alizitoa yeye leo, siku nzima, peke yake. Alimwagia maji udongo ukalainika, akakata donge moja moja na fataki yake ndani. Mimi nilikuwa mbali, nasema ninachokiona kwa sauti, ili awe na macho mengine. Mama Peninah alikaa kando ya barabara kutwa kumzuia kila mtu asipite. Hajasema neno tangu jana. Watu wanaogopa kimya chake kuliko sauti.

Jioni Bwana Egesa alivua miwani akanipa. Akaomba nimfutie.

Jumatano, 19 Mei

Mama hajampiga Loy. Anamwogesha tu. Amemwogesha mara tatu leo.

Ijumaa, 21 Mei

Tumeimaliza nyumba ndefu, kila kijia, kila boriti. Hakuna kitu kingine. Nilipomaliza nilianza upya bila kuambiwa. Bwana Egesa alikaa nje akanisubiri.

Akina mama wamepaka tena. Mama Peninah alikuja kwanza kwa Bwana Egesa, akapiga magoti jinsi mwanamke anavyomsalimia baba yake, akauliza, "Sasa tunaweza leta?" Akasema, "Leteni, mama." Hakuna aliyepamba.

Jumatatu, 24 Mei

Shule imefunguliwa. Mvua ndogo. Bwana Egesa amefungasha, anarudi Busia, na ameniuliza kama nitamfuata kwenye kazi nyingine. Mama amesema nitaenda vidole vyangu vikihesabiwa kila Jumamosi. Emong amejitolea kuhesabu, eti yeye anajua bei.

Nilimpeleka Loy mwenyewe. Watoto wengine waliingia wakisukumana. Loy alisimama mlangoni, akaweka mikono kwenye gauni jipya.

"Naona sakafu," akasema kwa sauti. "Naona miguu ya madawati. Naona miguu ya watoto, mmoja ana viatu."

Mwalimu, mgeni kutoka Mbale, akageuka kutoka ubaoni. "Wewe msichana, unafanya nini hapo? Ingia!"

"Naona fimbo," akasema Loy. "Naona mwalimu amekasirika."

Darasa likacheka. Mwalimu akaja mlangoni, akaniona. Mimi nimewacheka walimu tangu nimezaliwa, na hata leo neno la kumkata lilikuwa tayari mdomoni. Sikulitumia.

"Mwache, mwalimu," nikasema. "Tafadhali. Bado hajafika darini."

Akatazama uso wangu, kisha akamtazama Loy, akarudi nyuma hatua moja. Tukasubiri, yeye na mimi na watoto wote, mpaka Loy alipomaliza.